Ukifika kwenye maono ya manabii, tafuta kwanza lililoamriwa

Kila jumuiya yetu inapofika Ezekieli sura ya kwanza, maswali huwa yaleyale. Magurudumu yale yaliyojaa macho ni nini? Kwa nini uso wa simba, wa ng'ombe, wa tai? Wako wanaofika na simu mkononi, wameshaangalia video ya mtu anayedai kuwa Ezekieli aliona chombo kutoka sayari nyingine. Simlaumu anayeuliza, maana anayeuliza angalau amesoma. Ila nimeongoza masomo haya kwa miaka mingi, na kuna jambo moja ninalowasihi wenzangu kabla hatujafungua Biblia: ukikutana na ono, tafuta kwanza ni nini kimeamriwa, na nani ameamriwa kukifanya. Ukishalijua hilo, alama zenyewe zinaeleweka kwa urahisi zaidi.

Chukua sura hiyohiyo ya magurudumu. Ezekieli alikuwa kuhani, mmoja wa waliohamishwa pamoja na mfalme Yehoyakini mwaka 597 K.K. Ono lilimjia mwaka wa tano wa uhamisho, yaani 593 K.K., kando ya mto Kebari katika nchi ya Wakaldayo, yaani Babeli, mamia ya kilomita kutoka hekalu ambalo kuhani kama yeye alipaswa kulitumikia. Kiti cha enzi anachokiona kina magurudumu yanayokwenda pande zote nne bila kugeuka. Kwa mtu aliyedhani Mungu amebaki Yerusalemu, hiyo peke yake ni habari kubwa: Mungu amewafuata hadi uhamishoni. Ezekieli anaanguka kifudifudi. Na neno la kwanza analoambiwa halihusu mabawa wala magurudumu. Anaambiwa, "Mwanadamu, simama kwa miguu yako, nami nitasema nawe." Anatumwa kwa nyumba iliyoasi, aseme, wasikie wasisikie. Anapewa gombo lililoandikwa ndani na nje, limejaa maombolezo na ole, naye analila. Utukufu wote ule ulikuwa wa kumpa mtu kazi.

Kwa Isaya ni hivyohivyo. Mwaka aliokufa mfalme Uzia anaona maserafi, moshi, kaa la moto midomoni, kisha anasema, "Mimi hapa, nitume mimi." Sitakaa hapo, kwa sababu mahubiri ya sura hiyo tumeyasikia tangu shule ya Jumapili.

Kitabu ambacho nimekaa nacho muda mrefu zaidi, na ninachowashauri watu waanzie, ni Zekaria. Wengi wanakiruka. Wanaona farasi wekundu kati ya mihadasi, pembe nne, mwanamke ndani ya kikapu cha efa (kipimo cha nafaka), magari yanayotoka kati ya milima ya shaba, wanafunga na kurudi Zaburi. Nawaelewa. Lakini Zekaria amepangwa vizuri mno kwa mtu anayetaka kujifunza kusoma maono, kwa sababu tarehe zake ziko wazi, na malaika yupo pale anajibu maswali.

Tuanze na tarehe. Ni mwaka wa pili wa Dario mfalme wa Uajemi, 520 K.K. Wayahudi waliorudi kutoka Babeli ni wachache na maskini, mavuno hayatoshi, na hekalu bado ni gofu ingawa ruhusa ya mfalme Koreshi wa Uajemi ya kulijenga ilitolewa mwaka 538 K.K. Nabii Hagai anawaambia ukweli kwamba wanakaa katika nyumba zilizopambwa kwa mbao huku nyumba ya Mungu imeachwa. Wanasikia. Tarehe 24 ya mwezi wa sita wanashika kazi. Mwezi wa nane Zekaria anaanza kusema, na maneno yake ya kwanza hayana alama hata moja: nirudieni mimi, nami nitawarudia ninyi, msiwe kama baba zenu, ambao manabii waliwalilia wasisikie. Ndipo tarehe 24 ya mwezi wa kumi na moja, usiku mmoja, maono manane yanamjia.

Hesabu hiyo mwenyewe. Kutoka tarehe 24 ya mwezi wa sita hadi tarehe 24 ya mwezi wa kumi na moja ni miezi mitano kamili. Watu hawa hawakusubiri ono ili waanze kutii. Walianza kutii, wakabeba mawe na mbao miezi mitano, na maono yakawakuta kazini. Ndiyo maana ono la kinara cha dhahabu na mizeituni miwili linamtia moyo Zerubabeli liwali aliyekwisha kuweka msingi: "Si kwa uwezo, wala si kwa nguvu, bali ni kwa roho yangu, asema BWANA wa majeshi." Mstari huo tunauandika kwenye kalenda na kwenye mabasi, na ni mzuri, lakini aliambiwa mtu mwenye vumbi la ujenzi mikononi. Mikono yake imeuweka msingi, na mikono yake itaimaliza nyumba. Hekalu lilikamilika mwaka wa sita wa Dario, mwezi Adari, mwaka 515 K.K.

Tazama pia maono yanavyofungwa. Mwisho wa sura ya sita, baada ya magari na taji, kuna sharti: hayo yatatokea ikiwa mtaitii kwa bidii sauti ya Bwana Mungu wenu. Miaka miwili baada ya usiku ule, wajumbe wanakuja kuuliza kama waendelee kufunga na kulia mwezi wa tano, kama walivyofanya tangu Yerusalemu ilipoanguka. Wanapata jibu ambalo hawakulitafuta: fanyeni hukumu ya kweli, oneaneni rehema, msimdhulumu mjane, yatima, mgeni wala maskini. Kwa hiyo maono manane yametanguliwa na wito wa kutii, yakamalizwa na sharti la kutii, na kufuatwa na maelezo ya kutii ni nini. Mtu akikufundisha farasi na pembe akakuacha hapo, hajakufundisha kitabu.

Kuna jambo la kufurahisha sana katika ono la nne, na naomba usilipite haraka. Yoshua kuhani mkuu amesimama mbele ya malaika, Shetani yuko mkono wake wa kuume kumshitaki, na nguo za Yoshua ni chafu. Malaika haanzi kwa kumwamuru afue. Anaagiza avuliwe zile chafu, anamwambia uovu wake umeondolewa, anavikwa mavazi ya thamani na kilemba safi. Baada ya hapo ndipo anapopewa agizo: ukienda katika njia zangu, na kuyashika mausia yangu. Mashtaka yote ya mshitaki yamenyamazishwa kabla Yoshua hajafanya kitu. Huo utaratibu ndio unaonizuia kufundisha utii kama kodi ya kulipa ili Mungu akupende. Nimewaona watu wazuri wakichoka na imani kwa sababu walifundishwa kuanzia kwenye agizo la mwisho wa ono hilo, bila kupita kwanza kwenye nguo.

Sasa lile gombo linaloruka, sura ya tano. Urefu wake dhiraa 20, upana dhiraa 10. Karibu meta tisa kwa nne na nusu. Siku tuliyolisoma jumuiya, nusu saa ilikwisha tukijadili vipimo. Mmoja alikumbuka ukumbi wa hekalu la Sulemani, ambao nao ulikuwa dhiraa 20 kwa 10, na hilo ni jambo la maana kulijua. Mwingine akaanza kutaja mitambo ya kisasa. Mzee mmoja, fundi seremala asiyependa maneno mengi, akauliza, "Sasa hilo gombo linaingia nyumba ya nani?" Tukarudi kwenye maandishi. Linaingia nyumba ya mwizi, na nyumba ya anayeapa uongo kwa jina la Bwana, linakaa humo, linaiteketeza pamoja na mbao zake na mawe yake. Hakuna aliyezungumzia vipimo tena jioni ile. Wiki iliyofuata ndugu mmoja mfanyabiashara alituambia kwamba amemtafuta kijana aliyewahi kumfanyia kazi ghalani, akamlipa mshahara aliokuwa amemzuilia. Hakutaka kupigiwa makofi, alitaka tumwombee tu. Mimi sijawahi kusikia maelezo ya Zekaria sura ya tano yaliyo bora kuliko hayo.

Ushauri wangu mwingine unatoka kwa Ezekieli, na ni mzito kidogo. Jihadhari na kupenda kusikia.

Fuatilia wazee katika kitabu chake. Sura ya nane, mwaka wa sita wa uhamisho, wazee wa Yuda wamekaa mbele yake nyumbani kwake. Papo hapo anachukuliwa kwa kishungi cha nywele katika maono hadi Yerusalemu, anaoneshwa ukuta wenye tundu, anaambiwa achimbe, na ndani anakuta wazee sabini wa Israeli, kila mmoja na chetezo mkononi, wakifukiza uvumba mbele ya michoro ya wanyama na wadudu, wakisema Bwana hatuoni. Fikiria alivyorudi kutoka kwenye ono akafungua macho na kuwakuta wazee wengine wamekaa palepale wakimngoja. Sura ya 14 wanakuja tena, wanakaa. Mungu anamwambia nabii kwamba watu hawa wameweka vinyago vyao mioyoni. Je, nikubali kuulizwa nao? Sura ya 20, mwaka wa saba, wanakuja mara nyingine kuuliza, na safari hii wanakataliwa waziwazi.

Halafu sura ya 33. Yerusalemu imekwisha kuanguka, na Ezekieli amekuwa maarufu. Watu wanamzungumzia kando ya kuta na milangoni mwa nyumba. Wanaalikana: njooni tukasikie ni neno gani litokalo kwa Bwana. Wanakuja, wanakaa, wanasikiliza. Na Mungu anamwambia kwamba kwao yeye amekuwa kama mwimbaji wa wimbo mzuri wa mapenzi, mwenye sauti ya kupendeza na anayejua kupiga kinanda. Wanayasikia maneno yake, lakini hawayatendi. Mstari huo huniumiza kila ninapousoma, kwa sababu mikutano yetu inajaa. Sauti ni nzuri, vyombo ni vizuri, mahubiri yanarekodiwa na kusambazwa kwenye makundi ya simu kabla hata ibada haijaisha. Ikifika Jumatatu, wapangaji na wadogo wetu wa kazi hawajaona tofauti yoyote.

Nabii mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kubaki msikilizaji. Ezekieli alichora mji juu ya tofali, akalala ubavu wa kushoto siku 390 na wa kuume siku 40, akanyoa nywele kwa upanga na kuzipima kwa mizani. Mke wake, aliyeitwa tamanio la macho yake, alipofariki, alikatazwa kulia hadharani. Alifunga kilemba na kuvaa viatu, akafanya asubuhi kama alivyoagizwa. Sura hiyo siifundishi kwa mtu aliyefiwa karibuni, na nakushauri nawe usifanye hivyo. Ni mzigo aliopewa nabii mmoja kwa ajili ya taifa lililokuwa karibu kupoteza hekalu lake, na hatukuagizwa sisi tuzuie machozi ya wafiwa.

Ukiniuliza ni wapi utii umeandikwa kwa namna iliyonisaidia zaidi maishani, nitakupeleka Yeremia 32. Ni mwaka wa kumi wa Sedekia. Jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, boma za kuuhusuru mji zimefika ukutani. Yeremia amefungwa katika uwanda wa walinzi kwa sababu ya kutabiri kwamba mji utatekwa. Anakuja Hanameli, mwana wa ami yake, anamtaka anunue shamba Anathothi. Anathothi ni kijiji cha kwao, mwendo mfupi kaskazini mashariki ya Yerusalemu, katika nchi ambayo tayari imo mikononi mwa adui. Biashara gani hiyo? Yeremia anapima shekeli 17 za fedha, anaandika hati, anaitia muhuri mbele ya mashahidi, anamkabidhi Baruku hati mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, azitie katika chombo cha udongo zikae siku nyingi.

Soma sasa kinachofuata, kwa utaratibu wake. Baada ya kumpa Baruku hati, ndipo Yeremia anaomba. Na maombi yake yana mshangao ndani yake: tazama boma, mji umetiwa mikononi mwa Wakaldayo, nawe umeniambia, ununue shamba kwa fedha! Hakuelewa. Alilipa kwanza, akauliza baadaye, na Mungu hakumkemea kwa kuuliza. Akamjibu kwamba mashamba yatanunuliwa tena katika nchi hii. Napenda kwamba maswali yake yamehifadhiwa. Kutii kwake hakukumzuia kusema mbele za Mungu kwamba jambo hili halimwingii akilini. Wewe pia unaweza kufanya lililo wazi huku una maswali mengi moyoni, na ukayapeleka maswali hayo mahali panapostahili.

Kinyume chake ni sura ya 42 ya kitabu hichohicho, na nimeitumia mara nyingi kwa watu wanaotafuta ishara. Mji umekwisha kuanguka, Gedalia liwali ameuawa, mabaki ya watu wanaogopa kisasi cha Babeli. Wanamwendea Yeremia: tuombee kwa Bwana, iwe njema au iwe mbaya, tutatii. Siku kumi zinapita. Neno linakuja: kaeni katika nchi hii, msiende Misri. Wanamwambia nabii anasema uongo, na wanakwenda Misri, tena wanamchukua na yeye mwenyewe. Ukirudi nyuma kidogo, mwisho wa sura ya 41, utaona kwamba walipokwenda kuuliza walikuwa wamekwisha kupiga kambi karibu na Bethlehemu, kwenye njia ya kwenda Misri. Mizigo ilikuwa imefungwa.

Kijana mmoja aliwahi kuniomba tufunge naye ili Mungu ampe ono kuhusu kazi aliyopata. Nilimuuliza kazi yenyewe ni ipi. Ni ya ghala, mshahara mzuri, ila aliambiwa mapema kwamba wakati mwingine atatakiwa kusaini hati za mizigo ambayo haijapokelewa. Nilimwambia nitamwombea kwa moyo wote, lakini kwa ajili ya ujasiri, kwa sababu jibu la hati za uongo lilikwisha kutolewa Sinai. Hakulipenda jibu langu. Aliikataa kazi ile mwishoni, na miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Jumuiya ilichanga unga na kodi ya chumba. Naeleza hilo kwa sababu wanaohubiri utii mara nyingi hawataji gharama, na jumuiya inayomwambia mtu atii bila kumshika mkono anapoumia haijatii yenyewe.

Niseme neno pia juu ya wanaouza maono. Mika aliwalaumu manabii wa siku zake waliobashiri kwa fedha. Yeremia, sura ya 23, anatoa kipimo ambacho bado kinafanya kazi: manabii wale waliitia nguvu mikono ya watenda maovu, hata asiwepo mtu wa kurudi na kuuacha uovu wake. Kwa hiyo mtu akikuletea ndoto au unabii, angalia unakusukuma kwenda wapi. Ukikuacha umemchukia bibi yako mzaa baba, au jirani, au mke mwenza, na kipochi chako kikabaki kitupu, kisha dhambi yako ikabaki palepale ilipokuwa, usihangaike kutafuta maana ya nyoka uliyemwona.

Kwa upande wa kusoma kwenyewe, mimi hutumia penseli. Napigia mstari kila kitenzi cha amri: nenda, sema, rudi, nunua, simama. Pembeni naandika tarehe aliyoitaja nabii na mfalme aliyekuwa akitawala. Nikikuta malaika ameeleza alama, nachukua maelezo yake; Zekaria aliuliza, "Hivi ni nini, Bwana wangu?" bila aibu, akajibiwa. Pale malaika aliponyamaza, kama kwa wale mafundi wanne wanaokuja kuziangusha pembe bila kutajwa majina yao, nami nanyamaza, hata kama kuna mtu ana orodha ya mataifa tayari. Kumbukumbu la Torati 29:29 inanitosha: mambo ya siri ni ya Bwana, na yaliyofunuliwa ni yetu sisi na watoto wetu, ili tuyafanye.

Kama unaanza wiki hii, soma Hagai kwanza. Ni sura mbili tu. Ingia Zekaria sura ya 1 hadi ya 8 kwa mfululizo, na ikiwezekana kwa sauti, mkiwa wawili au watatu. Kisha Amosi 7 hadi 9, ambako nabii wa Tekoa anaoneshwa timazi na kikapu cha matunda kwa ajili ya taifa lililostawi likawauza maskini kwa jozi ya viatu. Ezekieli aje baada ya hapo. Mkifika sura ya 40, kwenye vipimo vya hekalu vinavyochosha, rukeni kwa muda hadi 43:10 na 11 mwone kwa nini Ezekieli aliagizwa kuwaonesha watu nyumba ile, halafu mrudi kwenye vipimo.